Nani Anasoma Ujumbe wa Diski Saa Nane za Usiku?

Ndugu mwenyekiti wa kikao, wasimamizi wa mifumo wenzangu, na ninyi mnaoanza kazi hii, salamu kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumzie mambo mawili: namna ya kupanga logi, yaani kumbukumbu za matukio, za programu inayosimamia hifadhi ya seva, na namna ya kuilinda programu hiyo. Katika ofisi nyingi mambo haya yana wenyewe tofauti. Mmoja anashughulika na diski, mwingine na usalama, nao hukutana siku ya msiba. Mimi nitayasema kama jambo moja. Programu inayotuarifu kwamba diski namba tatu imeanza kulegea ndiyo hiyohiyo ambayo, kwa mibofyo michache, inaweza kufuta diski pepe, yaani diski kadhaa zinazoonekana kama moja, yenye data yote ya taasisi. Anayeishika ana habari zote na ana nguvu zote. Kwa hiyo kila nitakalosema kuhusu logi lina upande wake wa ulinzi, na ulinzi wowote usioacha alama kwenye logi mimi siuamini.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyoeleza RAID: diski nyingi za bei nafuu zinaunganishwa ili moja ikifa kazi iendelee. Wazo hilo linabeba seva za dunia hadi leo. Lakini tazameni linavyofanya kazi. Kundi la RAID 5, mojawapo ya mipangilio yake, linavumilia kifo cha diski moja tu. Diski hiyo inapokufa, hakuna mtumiaji anayehisi chochote. Barua pepe zinaingia, malipo yanapita, ripoti zinachapwa. Kinachotenganisha seva nzima na seva iliyo ukingoni mwa maafa ni mstari mmoja wa logi na taa ndogo ya rangi ya chungwa ndani ya chumba kilichofungwa. RAID huficha hitilafu kwa makusudi, ndiyo kazi yake. Mstari ule usiposomwa, tumenunua kinga kisha tukafumba macho, na diski ya pili ikifa ofisi nzima itajua mara moja.

Diski ya pili nayo hupenda kufa wakati mbaya kuliko wote. Unapoweka diski mpya, kidhibiti, yaani kadi inayoliendesha kundi la diski, huanza kulijenga upya, na kazi hiyo hulazimu kila diski iliyobaki isomwe mwanzo hadi mwisho. Sekta mbovu iliyokuwa imejificha mahali ambapo pengine hapajaguswa mwaka mzima huibuka saa hiyohiyo. Ndiyo maana vidhibiti vina ukaguzi wa chinichini unaopitia diski nzima kutafuta sekta za aina hiyo. Ujumbe wa ukaguzi huo wengi tumeuzima kwa madai kwamba unasumbua. Nawaombeni muuwashe tena.

Kuna utafiti ambao kila msimamizi wa hifadhi anapaswa kuujua. Mwaka 2007 wahandisi wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha matokeo yaliyotokana na diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski ikishatoa kosa lake la kwanza la ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 zinazofuata ni mara 39 ya diski isiyo na kosa hilo. Mara 39! Ujumbe mmoja, mara nyingi wa daraja la onyo tu, unakupa nafasi ya kubadilisha diski kwa utulivu, mchana, ukiwa na nakala rudufu mkononi. Lakini utafiti huohuo ulionyesha upande wa pili: zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote katika vipimo vya SMART, vile ambavyo diski hujipima yenyewe, ukiacha joto. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa diski, mara nyingi mvua hunyesha mbingu zikiwa nyeupe. Kwa hiyo tunahitaji mambo mawili kwa pamoja: tusikose onyo linapotolewa, na habari ya kifo chenyewe itufikie ndani ya dakika, isisubiri Jumatatu.

Sasa tuingie kwenye mipangilio.

Lugha ambayo logi zetu nyingi huzungumza ni syslog, aliyoiunda Eric Allman huko Berkeley katika miaka ya 1980 akiwa kwenye mradi wa Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe. Ina madaraja manane ya uzito, kuanzia 0 hadi 7: dharura, hatua ya haraka, hali mbaya, hitilafu, onyo, angalizo, taarifa, na mwisho ujumbe wa uchunguzi wa kina. Ina pia makundi 24 ya vyanzo, na yale manane ya mwisho, local0 hadi local7, yameachwa kwa matumizi yetu wenyewe. Ipe programu ya hifadhi kundi lake peke yake. Ikichanganywa na vingine kwenye kundi la jumla, itazama. Kwa wale mnaopenda kusoma pakiti zikiwa mbichi, namba inayotangulia ujumbe hupatikana kwa kuzidisha kundi mara nane na kuongeza uzito. Hitilafu iliyotoka local0, ambalo ni kundi la 16, itaonekana kama 131.

Tatizo ni kwamba programu nyingi za hifadhi zina madaraja matatu tu machoni pa msimamizi: taarifa, onyo, na hali mbaya. Mtu anapofungua ukurasa wa mipangilio kwa mara ya kwanza, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye "hali mbaya pekee", kwa sababu hataki kuamshwa ovyo. Namwelewa. Lakini utabiri wa kufa kwa diski mara nyingi huandikwa kama onyo. Betri ya kidhibiti inayochoka nayo ni onyo, na betri ikichoka kidhibiti huacha kutumia kumbukumbu yake ya kuandikia, na kasi ya hifadhi nzima hushuka. Aliyechagua hali mbaya pekee amechagua kuambiwa baada ya jambo kuharibika.

Mpangilio ninaoutetea ni huu. Ujumbe wote wa daraja la taarifa na kupanda uende kwenye seva kuu ya logi, usomwe au usisomwe leo. Onyo na kupanda limfikie mtu mwenye jina. Uchunguzi wa kina uwashwe tu pale fundi wa mtengenezaji anapouomba, na uzimwe siku hiyohiyo, kwa sababu hujaza diski upesi na wakati mwingine huandika siri zisizotakiwa kuandikwa. Ujumbe fulani ukikuchosha kweli, kama ule wa betri inayojipima kila baada ya muda, unyamazishe huo mmoja kwa namba yake, na uandike mahali kwamba umenyamazishwa, na nani, na kwa nini. Usiteremshe daraja zima kwa sababu ya ujumbe mmoja unaopiga kelele. Nimeona seva nyingi zilizonyamazishwa kwa namna hiyo, na aliyezinyamazisha alikuwa amehama kazi zamani.

Logi hizi zinakaa wapi? Nikiuliza swali hili najibiwa: kwenye seva yenyewe. Yaani habari za kufa kwa diski zinaandikwa kwenye diski inayokufa. Linux ikikutana na makosa kwenye mfumo wa faili inaweza kuufunga usiandikwe tena, ukabaki wa kusomwa tu, na hapo logi inakatika palepale ambapo ungeihitaji zaidi. Journald ya systemd, mtunza logi wa Linux, kwa mpangilio wa kawaida wa matoleo yake mengi, hutunza kumbukumbu baada ya kuwashwa upya ikiwa tu saraka ya /var/log/journal ipo. Isipokuwepo, kila kitu kinakaa kwenye RAM na kupotea umeme ukikatika. Windows huipa logi ya Mfumo megabaiti 20 kwa kawaida, na zikijaa ujumbe mpya unafuta wa zamani. Kidhibiti chenyewe kina logi yake ndani ya kadi, nayo ni hazina, lakini ina ukomo na huzungukia hivyohivyo. Kila kimoja kati ya hivi kina kazi yake, na hakuna hata kimoja kinachotosha. Ujumbe lazima utoke kwenye seva ukiwa bado wa moto.

Kuutoa nako kuna namna. Syslog ya zamani, ile iliyoelezwa katika RFC 3164, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 2001, husafiri kwa UDP, njia ya kutuma pakiti bila kungoja jibu, kwenye poti (mlango wa mtandao) 514. Hakuna anayethibitisha kwamba imefika. Mtandao ukilemewa, ujumbe unadondoka kimya. Yeyote aliye njiani anaweza kuusoma, na yeyote anaweza kutuma ujumbe wa uongo akijifanya ni seva yako. Muhuri wake wa saa hauna mwaka wala ukanda wa saa. Mwaka 2009 ulikuja waraka wa RFC 5424 ukiwa na muhuri kamili wa saa na muundo ulio wazi, pamoja na RFC 5425 unaousafirisha ndani ya TLS, njia yenye usimbaji fiche, kwenye poti 6514. Vifaa vingi vinaweza kutumia hii mipya, lakini vinatoka kiwandani vikiwa kwenye ile ya zamani, nasi tunaviacha hivyo. Badilisheni. Wekeni vyeti pande zote mbili, seva ya logi imtambue mtumaji na mtumaji amtambue mpokeaji. Na kwenye rsyslog, programu ya kutuma na kupokea logi, washeni foleni ya kwenye diski, ili seva ya logi ikizimwa kwa matengenezo ujumbe usubiri badala ya kumwagika. Foleni hiyo iwekeni kwenye diski ya kuwashia mfumo, mbali na kundi la diski mnalolichunga.

Suala la saa nitalisema kwa kifupi: NTP, itifaki ya kulinganisha saa, kila mahali, na logi zote kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Kumbukeni tu kwamba kadi ya RAID ina saa yake. Nyingine huhesabu sekunde tangu zilipowashwa mpaka zitakapopewa saa na mfumo endeshi. Usiku wa tukio, ukijaribu kupanga nini kilitangulia, tofauti hiyo itakupoteza.

Sasa niseme juu ya mtu mwenye nia mbaya.

Mwaka 1986, kwenye Maabara ya Lawrence Berkeley huko California, mwanaastronomia Clifford Stoll alipewa kazi ya kutafuta senti 75 za dola ambazo hazikulingana kwenye hesabu za matumizi ya kompyuta. Wengi wangesawazisha hesabu wakaenda nyumbani. Yeye alifuatilia, akakuta kuna mtu ameingia, na safari hiyo ikamfikisha hadi kwa Markus Hess, aliyekuwa Hannover, Ujerumani, akiiuzia KGB, shirika la ujasusi la Muungano wa Kisovieti, habari alizoiba. Ninachotaka mkizingatie ni jinsi alivyomchunga. Stoll hakuiamini kompyuta iliyovamiwa ijieleze yenyewe. Aliunganisha mashine za kuchapa kwenye njia zilizoingia maabara, na kila herufi aliyoipiga mvamizi ikaandikwa kwenye karatasi. Mvamizi angeweza kufuta faili yoyote ndani ya kompyuta ile. Karatasi iliyo chumba kingine asingeweza kuigusa.

Karibu miaka 40 baadaye kanuni ni ileile, ila karatasi imekuwa seva ya logi yenye akaunti zake, isiyofungulika kwa nenosiri la msimamizi wa hifadhi, na ambayo data yake inaweza kuongezwa lakini haiwezi kupunguzwa. Wanaofunga data za watu ili wadai fidia wanazijua kazi zetu vizuri. Wanatafuta dashibodi ya hifadhi, yaani ukurasa wa programu yetu ya usimamizi, wanafuta nakala za papohapo na nakala rudufu, kisha wanasafisha logi. Kwenye Windows usafishaji huo wenyewe unaacha tukio: namba 1102 kwenye logi ya Usalama, namba 104 kwenye logi ya Mfumo. Matukio hayo mawili yasisubiri foleni yoyote. Yatoke mara moja, na yamwamshe mtu.

Kuhusu nani aingie kwenye dashibodi, programu hizi kwa kawaida zina ngazi tatu: anayetazama tu, anayefanya kazi za kila siku kama kuteua diski ya akiba, na msimamizi anayeweza kuunda na kufuta. Watu wengi wanaoingia humo wanahitaji kutazama tu. Wapeni hiyo. Kila mtu awe na akaunti yenye jina lake, iliyofungamana na saraka kuu ya watumiaji, ili anapoondoka kazini mlango ufungwe mara moja kote. Akaunti moja ya "admin" inayojulikana na watu sita huua logi kabisa: itaandika kwamba admin alifuta diski pepe saa tisa alasiri, na hapo utakuwa umejua nini? Programu ya ufuatiliaji nayo ipewe akaunti ya kusoma tu. Na kama bado mna SNMP, itifaki ya kufuatilia vifaa, yenye neno la siri "public", elewaneni leo na wenzenu wa mtandao muhamie toleo la 3, lenye utambulisho na usimbaji fiche.

Dashibodi isionekane kwenye mtandao wa watumiaji wa kawaida, na isionekane kabisa kwenye intaneti. OpenManage Server Administrator ya Dell, kwa mfano, husikiliza kwenye poti 1311. Hakuna sababu ya kompyuta ya mapokezi kuweza kuifikia poti hiyo. Tengeni mtandao wa usimamizi, na muingie kwa kupitia seva moja inayodai uthibitisho wa hatua mbili. TLS 1.0 na 1.1 zilistaafishwa rasmi Machi 2021, hivyo zimeni zote mbili, mbaki na 1.2 na 1.3. Cheti kilichokuja na programu, kile ambacho kivinjari hukilalamikia, kibadilisheni kwa cheti cha taasisi. Madhara makubwa ya cheti kile ni tabia kinayotufundisha: kubofya "endelea" bila kusoma. Siku mtu atakapojiweka katikati kweli, tutabofya vilevile.

Msisahau mlango wa chini, ule wa kadi ya usimamizi iliyo kwenye ubao wa seva. IPMI 2.0, itifaki ya kuongea na kadi hiyo, ina kasoro iliyotangazwa wazi mwaka 2013: anayejua jina la mtumiaji anaweza kuomba na kupewa alama fiche ya nenosiri lake kabla hajathibitisha yeye ni nani, kisha akaenda kulivunja kwa nafasi yake. Kasoro hiyo imo ndani ya itifaki yenyewe, kwa hiyo sasisho haliiondoi. Zima IPMI ya mtandaoni kama huihitaji, utumie Redfish, itifaki mpya zaidi ya kazi hiyo, iliyotoka mwaka 2015 na inayopita ndani ya HTTPS.

Logi yenyewe pia inaweza kuwa jeraha. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wafikirie kubadilisha nywila, kwa sababu nywila zilikuwa zimeandikwa zikiwa wazi kwenye logi ya ndani. Kwetu sisi hatari hiyo inakuja kwa njia ya hati za amri. Mtu anaandika hati inayofungua diski zenye usimbaji fiche, anaweka kaulisiri kwenye mstari wa amri, na kaulisiri hiyo inaingia kwenye historia ya amri, kwenye logi ya ukaguzi, kisha kwenye seva kuu ambako watu ishirini wana ruhusa ya kusoma. Tafuteni ndani ya logi zenu maneno kama "password" na "key" muone kitakachotokea. Halafu kuna Desemba 2021, pale Log4j, maktaba ya kuandikia logi inayotumika ndani ya programu nyingi za Java, ilipogundulika kuwa mshambuliaji akiipa maandishi fulani iyaandike, ingeenda kuchukua msimbo wake na kuuendesha. Ilipewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Dashibodi nyingi za usimamizi zimeandikwa kwa Java. Walioteseka zaidi wiki ile ni wale ambao hawakujua ni zipi kati ya programu zao zina Log4j ndani. Wekeni orodha hiyo sasa.

Muda wa kutunza unategemea sheria inayokuhusu. Kiwango cha PCI DSS cha wanaopokea malipo ya kadi kinadai miezi 12, na mitatu ya mwisho ipatikane papohapo. Hata asiyegusa kadi za malipo anaweza kuanzia hapo.

Limebaki jambo moja, nalo ni ukimya. Seva isiyotuma ujumbe wowote inaweza kuwa nzima, na inaweza kuwa wakala wake, programu ndogo inayotuma ujumbe, amekufa tangu sasisho lililopita. Kwenye skrini hali hizo mbili zinafanana. Ipangieni kila seva itume ujumbe mdogo wa uhai kila siku, na seva ya logi ipige kelele usipofika. Na hakikisheni tahadhari ina njia mbili. Nimekuta mahali ambapo onyo la hifadhi lilitumwa kwa barua pepe, na seva ya barua pepe ilikaa juu ya hifadhi hiyohiyo.

Basi wiki hii chukueni seva moja ya majaribio yenye diski ya akiba, na mchomoe diski moja bila kumwambia mtu. Angalieni ni simu ya nani itaita, baada ya dakika ngapi, na kama ujumbe unataja seva ipi na tundu lipi kwa namna ambayo fundi aliyetoka usingizini ataelewa. Angalieni kama saa kwenye kadi, kwenye mfumo endeshi na kwenye seva ya logi zinakubaliana. Kisha ingieni kwa akaunti ya msimamizi wa hifadhi, mjaribu kuifuta rekodi ya tukio hilo kwenye seva kuu. Mkifanikiwa kuifuta, mnajua pa kuanzia kazi.

Nitakuwa pale mezani na kompyuta baada ya kikao. Anayetaka tuandike pamoja kanuni za rsyslog na vyeti vyake, aje na majina ya seva zake.